Kutunza Mbuzi na Kuku Wakati wa Baridi Kali ya Minnesota: Mwongozo wa Shamba Dogo

Kila ifikapo Septemba, wenzetu waliopata kashamba huku kaskazini mwa Marekani huanza kuuliza maswali yale yale. Je, mbuzi hawatakufa kwa baridi? Niwawashie taa ya joto? Maji yakiganda watakunywa nini? Niweke akiba ya nyasi kiasi gani? Mwongozo huu unayajibu kwa pamoja, kwa ajili ya mtu mwenye mbuzi watano hadi kumi na kuku wachache katika jimbo la Minnesota, na unaweza kumfaa pia, bila mabadiliko makubwa, aliyeko Maine, Vermont, North Dakota au Manitoba. Aliyekulia Kitui, Dodoma au Kivu ya Kusini hahitaji kufundishwa mbuzi ni mnyama wa namna gani. Anachohitaji ni kujua jinsi ya kumtunza mahali ambapo ardhi huwa ngumu kama saruji kwa miezi mitatu au minne.

Nadharia ni hii tu. Mbuzi mzima mwenye afya, aliyekwisha kuota manyoya mazito ya ndani, huivumilia baridi kavu kuliko mwenye mbuzi. Kinachomdhoofisha ni kulowa, kupigwa na upepo usiku kucha, kulala na njaa na kukosa maji. Kwa ng'ombe, ambao hesabu yao imepimwa zaidi, mwenye manyoya mazito yaliyokauka huanza kutumia nguvu za ziada kujipasha joto hali ya hewa inapofika karibu nyuzi −8 za Selsiasi, ilhali aliyelowa huanza kuhangaika kwenye nyuzi 15, joto ambalo mtu wa Limuru huliona la kawaida asubuhi. Kwa hiyo kazi yako si kulipasha banda joto. Kazi yako ni kuhakikisha mnyama amekauka, amekingwa na upepo, ameshiba na amekunywa.

Vitu vya kuandaa kabla Oktoba haijaisha

- Nyasi kavu. Mbuzi wa kilo 60 hula takriban kilo 2 kwa siku, na kuanzia mwanzo wa Novemba hadi katikati ya Mei ni karibu siku 200. Hizo ni kilo 400, yaani marobota madogo 20 ya kilo 20 kila moja. Ongeza matano kwa kila mbuzi kwa sababu ya zile watakazozikanyaga. Nunua Julai au Agosti; anayesubiri hadi Februari hununua kwa bei ya muuzaji.
- Mabua makavu ya ngano au shayiri, pamoja na maranda ya mbao, kwa ajili ya malalo.
- Ndoo za mpira mweusi, mara mbili ya idadi utakayoitumia kwa wakati mmoja.
- Ndoo moja au mbili zenye kipasha maji, ikiwa umeme umefika bandani.
- Madumu ya lita 10. Dumu la lita 20 juu ya barafu ni njia ya kuvunjika kiuno.
- Koleo la theluji na shoka dogo. Vihifadhi nyumbani, si bandani, kwani siku mlango wa banda utakapozikwa na theluji ndipo utakapovihitaji.
- Taa ya kuvaa kichwani. Mwishoni mwa Desemba jua la Minneapolis huzama saa kumi na nusu jioni, na kazi haiishi kwa kuwa giza limeingia.
- Kipimajoto cha mifugo, taulo kuukuu, chupa yenye chuchu, na dang'a (maziwa ya kwanza ya mama aliyetoka kuzaa) iliyogandishwa kwenye friza.
- Namba ya daktari wa mifugo ambaye amekwisha kukubali kutibu mbuzi. Wengi walio karibu na miji hutibu mbwa na paka tu, na saa nane ya usiku si wakati wa kuligundua hilo.

Hatua ya 1: Ziba upepo chini, acha hewa juu

Fanya kazi hii wakati ardhi ingali laini, kwa sababu baada ya Novemba shimo la nguzo halichimbiki. Chagua siku ya upepo, ingia bandani, upige magoti hadi kichwa chako kiwe sawa na kichwa cha mbuzi aliyelala, kisha sikilizia upepo unapoingilia. Hapo ndipo pa kugongea mbao. Halafu tazama juu. Chini ya paa, pande mbili zinazokabiliana, acha uwazi wa kudumu usiopungua upana wa kiganja, na usiuzibe hata usiku wenye baridi kuliko yote. Kila mbuzi atengewe mita za mraba 1.5 hadi 2. Banda kubwa mno halina faida, maana mbuzi hupashana joto kwa kulala wamegusana.

Onyo: Kosa la kwanza la karibu kila mgeni ni kulifunika banda lote kwa turubai lisipenyeze hata sindano. Mvuke wa pumzi na mkojo hukosa pa kutokea, hupanda hadi kwenye bati, huganda, na jua likipiga mchana huyeyuka na kuwadondokea wanyama mgongoni. Baada ya wiki mbili utasikia kikohozi. Ukiona barafu ndogo ndogo zimening'inia kwenye misumari ya paa kwa ndani, hewa haitoshi.

Hatua ya 2: Tandika malalo ya kina, wala usiyafagie

Jambo hili huwapa taabu waliofunzwa tangu utotoni kwamba zizi safi ni lile linalofagiliwa kila asubuhi. Huku, kuanzia Novemba hadi majira ya kuchipua, banda halifagiliwi. Mwaga maranda kwa unene wa sentimita 10, tandaza mabua juu yake, na kila siku ongeza tabaka jembamba la mabua makavu juu ya yaliyochafuka. Kinyesi na mabua yaliyo chini huoza polepole na kutoa joto, huku mnyama akilala juu penye ukavu.

Kipimo chake ni rahisi. Piga magoti juu ya malalo kwa nusu dakika, mahali mbuzi wanapopenda kulala. Suruali ikilowa kwenye magoti, ongeza mabua. Kisha inamisha pua hadi usawa wa pua ya mbuzi. Ukihisi macho yanawasha, hiyo ni amonia, nayo humaanisha mabua hayatoshi, au hewa haitoki, au vyote viwili. Kupima ukiwa umesimama hakufai, kwa kuwa anayelala pale chini si wewe.

Kumbuka pia kwamba ifikapo Machi malalo huwa yamepanda kufikia goti au zaidi. Lango la ndani lining'inizwe juu tangu mwanzo, na kizuizi kilichoonekana kirefu Oktoba kiongezwe ubao, la sivyo mbuzi watakiruka kwa hatua moja.

Hatua ya 3: Maji, asubuhi na jioni, bila kukosa

Ukiwa na muda wa kushughulikia jambo moja tu, shughulikia hili. Mbuzi mzima huhitaji takriban lita 4 hadi 8 kwa siku, na anayenyonyesha huhitaji zaidi. Asiyekunywa vya kutosha hupunguza kula, na asiyekula hukosa joto, kwa sababu joto la mbuzi hutengenezwa tumboni mwake. Kwa madume waliohasiwa kuna hatari ya ziada, kwamba mkojo mzito huzalisha vijiwe vinavyoziba njia ya mkojo, na dume aliyeziba anaweza kufa katika siku moja au mbili.

1. Peleka maji ya uvuguvugu kutoka nyumbani, yale ambayo mkono wako hauyaoni ya moto wala ya baridi. Mbuzi huyanywa kwa wingi kuliko maji ya barafu, na wakizoea saa maalumu hukusanyika na kumaliza haja yao kwa dakika chache, kabla ndoo haijaanza kuganda.
2. Jaza ndoo nusu tu. Ndoo iliyojaa humwagika kwenye malalo, na ukavu wote ulioutafuta katika hatua ya 2 hupotea.
3. Baada ya kunywa, ondoa ndoo au ibadilishe na ya akiba. Ikiganda, ipindue na kuikanyaga. Mpira hukunjika na barafu hutoka nzima. Ndoo ya plastiki ya kawaida hupasuka kwa kipigo cha kwanza.
4. Kwenye usiku wa nyuzi −20 na chini yake, ongeza zamu ya tatu kabla ya kulala.

Mwenye umeme anaweza kutumia ndoo yenye kipasha maji, ambayo hujiwasha na kujizima yenyewe. Waya wake uwe umezungushiwa springi ya chuma, upite nje ya zizi, na uchomekwe kwenye soketi yenye kikata umeme cha usalama. Mbuzi hutafuna waya kama anavyotafuna kamba.

Wenye bomba la shambani la kuinua mkono nao wasikilize. Vali yake iko chini kabisa ya udongo unaoganda, na kanuni za ujenzi za Minnesota zinahesabu kina hicho kuwa sentimita 107 kusini mwa jimbo na 152 kaskazini. Ukilifunga, maji yaliyobaki ndani ya bomba hushuka na kutokea kwenye tundu dogo lililoko chini. Lakini ukiliacha na mpira wa maji umefungwa mdomoni, maji hayashuki, bali huganda humo humo na kulipasua. Fungua mpira kila mara, umimine maji yote, na uuweke ndani ya nyumba.

Onyo: Usitegemee kwamba mbuzi watalamba theluji. Ndoo kumi za theluji nyepesi hazizidi ndoo moja ya maji, na kuiyeyusha hutumia joto lile lile wanalolihitaji.

Hatua ya 4: Lisha nyasi ndefu jioni

Mbuzi anapochakata nyasi ndefu tumboni, vijidudu vinavyoivunja hutoa joto kwa saa nyingi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya chakula iwekwe jioni, ili tumbo lifanye kazi wakati wa baridi zaidi, yaani kuelekea alfajiri. Usiku wa baridi kali ongeza nyasi kwa wingi, na asubuhi ukikuta hori tupu kabisa, jioni inayofuata ongeza tena.

Nafaka ni nyongeza kwa wenye mimba kubwa, wanaonyonyesha na waliokonda. Kumwaga mahindi mengi kwa ghafla kwa sababu kuna baridi ni kosa, kwani tumbo hujaa asidi na mnyama huanguka. Chumvi na madini viwepo muda wote.

Manyoya ya majira haya hudanganya. Mbuzi anaweza kuonekana mnene kama mto ilhali ndani ni mifupa mitupu. Kila baada ya wiki mbili pitisha mkono chini ya manyoya, bonyeza uti wa mgongo na mbavu kwa ncha za vidole. Mfupa ukichoma kidole, mwongezee lishe na umchunguze minyoo.

Hatua ya 5: Vaa kabla ya kutoka, hata kwa dakika tano

Nguo ya kugusa ngozi iwe ya sufi au ya nyuzi za viwandani. Fulana ya pamba na jinzi zikilowa jasho hazikauki, na jasho hilo hugeuka baridi pale tu unapoacha kusukuma koleo. Viatu viwe na nafasi. Soksi tatu ndani ya kiatu kinachobana hupoza miguu badala ya kuipasha. Glavu zinazoacha vidole vinne pamoja huhifadhi joto kuliko zile za kidole kimoja kimoja.

Kwa mujibu wa Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani, nyuzi 0 za Farenhaiti, ambazo ni karibu −18 za Selsiasi, zikiambatana na upepo wa kilomita 24 kwa saa, zinaweza kugandisha ngozi iliyo wazi ndani ya dakika 30. Dalili ni ngozi kupauka kama nta na kufa ganzi. Usiisugue, na hasa usiisugue kwa theluji kama wazee wengi wa huku walivyoambiwa zamani. Ingia ndani, uitumbukize kwenye maji ya uvuguvugu, kisha umwone daktari.

Kwenye njia ya kwenda bandani mwaga jivu au mchanga, si chumvi.

Hatua ya 6: Kuku

Kuku wana joto la mwili la karibu nyuzi 41 na koti la manyoya, hivyo banda lao hufuata kanuni ile ile, yaani kukauka na hewa kutoka juu. Kichanja cha kulalia kiwe ubao wa upana wa sentimita 9 uliolazwa bapa, ili kuku akilala manyoya ya kifua yafunike vidole vyote; kijiti chembamba huacha vidole nje na vikaganda. Ukinunua vifaranga kwa ajili ya mwaka ujao, chagua aina zenye upanga mdogo kichwani, kama Wyandotte au Chantecler ya Kanada, kwani upanga mrefu ndio unaotangulia kuganda. Okota mayai mara tatu kwa siku, maana yakiganda hupasuka. Utagaji ukipungua Desemba usishtuke, ni ufupi wa mchana. Taa ndogo ya kurefusha mwanga ufikie jumla ya saa 14 kwa siku huurudisha, ingawa mimi naona heri wapumzike.

Hatua ya 7: Panga mimba ili wazae Mei

Mimba ya mbuzi huchukua takriban siku 150. Beberu akiingizwa mwanzoni mwa Desemba, watoto watazaliwa mwanzoni mwa Mei, nyasi zikianza kuota. Ukimwacha na majike tangu Agosti, jiandae kukesha bandani Januari. Wapo wanaofanya hivyo kwa sababu za soko, lakini kwa mwaka wa kwanza sikushauri.

Mtoto akizaliwa kwenye baridi, fuata mpangilio huu:

1. Mfute kwa taulo hadi akauke kabisa, ukianza na masikio. Masikio marefu ya mbuzi wa Nubian huganda ncha zake kabla mama hajamaliza kumlamba.
2. Tia kidole chako safi mdomoni mwake. Mdomo ukiwa na joto na akaanza kukinyonya, mweke kwenye chuchu. Mdomo ukiwa baridi kama kikombe kilicholala nje, usimpe maziwa bado.
3. Mpime. Joto la kawaida ni nyuzi 38.5 hadi 39.5. Likiwa chini ya 37.8, mpashe joto kwanza ndani ya nyumba, akiwa ameviringishwa taulo karibu na kipasha joto, au umtumbukize kwenye maji ya uvuguvugu akiwa ndani ya mfuko wa plastiki, kichwa kikiwa nje, ili asilowe.
4. Joto likirudi na akaweza kunyonya, mpe dang'a. Aipate ndani ya saa moja au mbili za kwanza inapowezekana, na kwa siku nzima ya kwanza ifike asilimia 10 ya uzito wake. Wa kilo 3 anahitaji mililita 300.
5. Akirudi bandani, mwekee pipa la plastiki lililolazwa ubavu na kukatwa mlango mdogo, likajazwa mabua. Watoto huingia humo wenyewe na kulala wamerundikana.

Onyo: Usimmiminie maziwa kwa nguvu mtoto aliyepoa. Hawezi kumeza, na maziwa huingia mapafuni.

Onyo kubwa zaidi: Usitundike taa ya joto juu ya mabua. Balbu ya wati 250, kamba iliyolegea na mbuzi anayeparamia kila kitu ni moto unaosubiri saa yake, na mabanda huteketea kwa njia hiyo kila mwaka.

Hatua ya 8: Jiandae kwa dhoruba

Tangazo la dhoruba likitolewa, sogeza nyasi na mabua ya siku tatu ndani ya banda, jaza maji kwenye vyombo vyote vya nyumbani, na funga kamba kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa banda. Theluji ikipeperushwa na upepo huwezi kuona mkono wako mwenyewe. Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka nyumba au banda, kwa sababu gesi iliyomo kwenye moshi wake huua bila harufu ya kukuonya. Iwashe mara moja Novemba ili ujue inawaka.

Matatizo ya mara kwa mara

*Mbuzi anatetemeka.* Mguse chini ya manyoya. Akiwa amelowa, mkaushe na umhamishie penye ukavu. Akiwa mkavu, mpe nyasi na maji ya uvuguvugu, kisha mrudie baada ya saa moja. Akiendelea kutetemeka au akikataa kula, mpime joto na umpigie daktari.

*Dume aliyehasiwa anajikaza kukojoa na kulia.* Piga simu sasa hivi, usingoje asubuhi.

*Mbuzi wanajisugua ukutani na kunyonyoka.* Mara nyingi ni chawa, ambao hushamiri majira haya. Usiwanyoe wala kuwaogesha. Ulizia dawa ya unga au ya kumimina mgongoni.

*Upanga wa kuku umeota weusi kwenye ncha.* Umeganda. Usiukate wala kuusugua. Chunguza unyevu wa banda, kwa kuwa hapo ndipo tatizo lilipo.

*Mbuzi wametoka nje ingawa uzio haujavunjika.* Tazama upande unaokusanya theluji. Ikishindiliwa na upepo huwa ngazi, na uzio wa mita 1.2 hubaki wa kufika gotini. Ondoa theluji pande zote mbili kwa upana wa hatua mbili.

*Uzio wa umeme hauwashtui.* Theluji kavu na ardhi iliyoganda havipitishi umeme vizuri. Unganisha waya mmoja kati ya zile za uzio na nondo ya ardhini, ili mnyama akigusa nyaya mbili kwa pamoja apate mshtuko, au uache kuutegemea hadi Aprili.

*Malalo yanatoa mvuke na harufu siku za Aprili.* Joto limerudi na uozo umeshika kasi. Subiri siku mbili tatu kavu mfululizo, watoe mbuzi nje, uyaondoe yote hadi sakafuni na kuyarundika mbali na kisima. Yakiiva hadi mwaka unaofuata ni mbolea nzuri ya sukuma wiki.